Seli Huijibu Sakafu Kwanza

Mwenyekiti wa kikao, walimu wangu, wanafunzi, na ndugu wote mlioacha shughuli zenu kuja kunisikiliza, hamjambo.

Kwenye tangazo imeandikwa kwamba nitazungumzia vihisi vinavyotumia seli hai. Ni kweli, ila nitawaibia muda kidogo, maana karibu nusu ya maneno yangu yatahusu sakafu. Nina maana ya ule uso ambao seli hukalishwa juu yake kabla hatujaanza kuipima. Kwa muda mrefu sisi tunaotengeneza vifaa hivi tuliuchukulia kama meza: unaweka kitu, unakipima, unakiondoa, na meza haina la kusema. Nimekuja kuwaambia kwamba katika bayosensa, yaani vihisi vya namna hiyo, meza husema, tena husema kabla ya mwingine yeyote, na seli huijibu kwanza ndipo ijibu swali letu.

Tuanze na kifaa chenyewe. Bayosensa ina pande mbili. Upande mmoja kuna kitu chenye asili ya uhai kinachotambua jambo fulani, kama vile kimeng'enya, kingamwili, kipande cha DNA au seli nzima. Upande wa pili kuna mfasiri anayegeuza utambuzi huo kuwa umeme au mwanga unaoweza kusomeka. Mwaka 1962 Leland Clark na Champ Lyons walieleza namna ya kukifungia kimeng'enya kinachovunja glukosi juu ya elektrodi ya kupimia oksijeni. Kimeng'enya kikifanya kazi yake hutumia oksijeni, na elektrodi huona oksijeni ikipungua. Vipimo vya sukari ambavyo wenye kisukari hutembea navyo ni wajukuu wa wazo hilo.

Lakini kimeng'enya ni fundi wa kazi moja. Kiulize habari za glukosi, kitakujibu vizuri. Kiulize kama maji haya yana sumu ambayo bado hakuna aliyeipa jina, kitanyamaza. Seli hai haihitaji kuijua sumu kwa jina; ikiumia, inaumia, na kuumia kwake kunaonekana. Ndiyo maana watu waliingia kwenye usumbufu wa kufuga seli ndani ya vyombo vya kupimia. Na ni usumbufu kwelikweli. Seli inataka joto lake, chumvi yake na chakula chake, na ukichelewa siku moja kuibadilishia maji umeipoteza.

Mwaka 1984 Ivar Giaever, mwanafizikia aliyekuwa ameshapata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1973 kwa kazi isiyohusiana na seli hata kidogo, alishirikiana na Charles Keese kuotesha seli juu ya elektrodi ndogo za dhahabu na kupitisha umeme dhaifu. Utando wa seli haupitishi umeme kirahisi. Kwa hiyo seli zikijitandaza juu ya dhahabu, umeme hulazimika kupenya kwenye upenyo mwembamba uliobaki chini yake na katikati yake, na ukinzani hupanda. Zikinywea kwa sababu ya sumu, ukinzani hushuka. Baadaye waligundua kuwa hata seli zilizotulia hufanya ukinzani ule ucheze-cheze, kwa sababu hazitulii hasa. Hutikisika kwa kiasi cha nanomita chache, na kifaa kinaona.

Sasa angalieni alichokuwa akikipima Giaever. Hakupima sumu, wala hakupima afya ya seli moja kwa moja. Alipima jinsi seli ilivyoikamata sakafu. Ikiwa ndivyo, basi kila kinachobadilisha mkamato huo kinaingia ndani ya kipimo, na sakafu yenyewe ndiyo ya kwanza kuubadilisha.

Hapa nahitaji kuwapa kipimo cha kuwasaidia macho. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita, na neno hilo halimpi mtu picha yoyote. Kwa hiyo tukuze kila kitu mara milioni moja. Nanomita inakuwa milimita. Seli ya kawaida ya mnyama, yenye upana wa mikromita 20, inakuwa kitu cha mita 20, mfano wa jengo. Unywele wa binadamu unakuwa bomba la mita 80 hivi. Na integrini, ile protini inayochomoza kwenye utando wa seli na kushika vitu vya nje, kichwa chake kinakuwa na upana wa milimita 10 hivi, kama ncha ya kidole. Shikeni picha hiyo hadi mwisho: jengo zima linalotambaa, lisilo na macho, lenye maelfu ya ncha za vidole chini yake, linapapasa.

Kwamba seli hupapasa si habari mpya. Ross Harrison, yule aliyeonyesha mwaka 1907 kwamba nyuzi za neva za chura zinaweza kukua nje ya mwili, aliandika mwaka 1914 jinsi seli za kiinitete zinavyofuata nyuzi za utando wa buibui akiziwekea utando huo kama njia. Paul Weiss akaipa tabia hiyo jina mwaka 1945, tunaloweza kuliita uongozi wa mguso. Baadaye watafiti walichonga mifereji kwenye kioo na plastiki, wakaona seli zikilala kufuata mfereji. Lakini hiyo ilikuwa mifereji ya mikromita, ambayo kwa kipimo chetu ni barabara za mita nzima. Hakuna wa kushangaa jengo likifuata barabara. Kilichoshangaza kilikuja pale mafundi wa elektroniki walipotupa zana za kuchonga vitu vidogo zaidi, na seli zikaendelea kuhisi. Mwaka 2003 ilionyeshwa kwamba seli za ngozi ya nje ya konea ya jicho hujipanga kufuata matuta yenye upana wa nanomita 70. Hayo ni matuta ya sentimita saba mbele ya jengo la mita 20, nalo linageuka.

Kabla ya kuendelea, nirekebishe jambo ambalo hata mimi nilikuwa nikilisema vibaya darasani. Seli haigusi silikoni, ile dutu ya kutengenezea chipu, wala haigusi dhahabu. Ukitia kipande cha silikoni kwenye maji yenye damu au chakula cha seli, maji yenyewe hufika kwanza, kisha ndani ya sekunde chache protini huanza kujibandika. Seli hufika baada ya dakika kadhaa, ikakuta tayari kuna zulia. Leo Vroman, mtaalamu wa damu ambaye pia alikuwa mshairi, alionyesha kwamba zulia hilo lenyewe halitulii: protini zilizo nyingi na zinazotembea haraka huwahi nafasi, halafu zinang'olewa na zile zinazochelewa lakini zinazoshika kwa nguvu zaidi. Umbo la nano, yaani vinguzo na vishimo vya kiwango cha nanomita, huingilia kati hapo. Kwenye uso ulionyooka protini ndefu kama fibronektini inaweza kulala na kujinyoosha. Kwenye kilele cha kinguzo chembamba inalazimika kujipinda, na pengine kile kipande chake ambacho seli inakitafuta kinafichwa chini. Kwa hiyo tukisema seli imehisi vishimo, mara nyingine tunachosema kwa kweli ni kwamba imehisi vile protini zilivyopangwa na vishimo.

Kipande hicho kinachotafutwa kinajulikana. Mwaka 1984, mwaka uleule wa Giaever, Michael Pierschbacher na Erkki Ruoslahti walionyesha kuwa fungu fupi kabisa la asidi za amino, lenye kiini cha herufi tatu R, G na D, kila herufi ikisimama badala ya asidi moja, ndilo integrini inalolishika kwenye fibronektini. Ugunduzi huo uliwapa watu ufunguo, maana sasa ungeweza kuiacha protini kubwa na kubandika RGD peke yake mahali unapotaka.

Na hapo ndipo likaja jaribio ninalolipenda kuliko yote katika fani hii. Kundi la Joachim Spatz huko Ujerumani lilipanga vitone vya dhahabu juu ya kioo, kila kitone kikiwa kidogo kuliko nanomita 8, ili kiweze kukaliwa na integrini moja tu. Juu ya kila kitone wakabandika RGD. Katikati ya vitone wakapaka kitu ambacho protini na seli havikitaki. Kisha wakabadilisha jambo moja tu, nalo ni umbali wa kitone hadi kitone. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Kwenye umbali wa nanomita 28 na 58 seli zilishika vizuri na kujitandaza. Kwenye 73 na 85 zilishindwa; zilibaki zimejikunja, zikihangaika, hazijengi vituo imara vya mshiko. Rudini kwenye kipimo chetu. Ncha za vidole za jengo la mita 20 zimewekewa vishikio. Vikiachana kwa sentimita sita hivi, jengo linasimama. Vikiachana kwa sentimita saba na kitu, haliwezi. Tofauti ni upana wa kidole.

Kwa nini? Integrini hazifanyi kazi mojamoja. Zikishika jirani kwa jirani, protini za ndani kama talini huziunganisha na nyuzi za aktini, ambazo ni kamba za ndani ya seli, na nyuzi hizo huvuta. Mzigo unagawanywa. Zikiwa mbalimbali, kila moja inabeba peke yake na inaachia kabla wenzake hawajafika. Ila nisiwape kanuni iliyo safi kuliko ukweli. Vitone vile vilikuwa juu ya kioo, kitu kigumu. Mwaka 2017 kazi nyingine ilirudia wazo hilo juu ya sakafu laini, na huko mambo yakageuka: kuongeza umbali kulisaidia vituo vya mshiko kukua. Namba 58 na 73 si tabia ya seli peke yake. Ni mapatano kati ya seli, umbali na ugumu wa kile kilicho chini. Ukibadilisha kimoja, mapatano yanajadiliwa upya.

Jambo la pili ninalotaka tukae nalo kidogo ni mpangilio. Huko Glasgow, ambako alifanya kazi Adam Curtis, aliyekuwa akiuliza maswali ya namna hii tangu miaka ya 1960, Matthew Dalby na wenzake walichonga vishimo vya upana wa nanomita 120 na kina cha nanomita 100, wakaviacha kwa wastani wa nanomita 300. Kwenye kipande kimoja vilipangwa kwenye miraba iliyonyooka kabisa. Kwenye kingine kila kishimo kilisogezwa ovyo kidogo, hadi nanomita 50 kutoka mahali pake. Tofauti nyingine hakukuwa. Wakaweka seli shina za uboho wa binadamu, yaani seli ambazo bado hazijawa za aina maalumu. Mwaka 2007 walitangaza kwamba zile zilizokaa juu ya vishimo vilivyovurugika kidogo zilianza kutengeneza madini ya mfupa, bila kupewa dawa za kuzisukuma kuwa mfupa. Mwaka 2011 ukaja upande wa pili wa hadithi: kwenye miraba iliyonyooka, seli shina ziliweza kubaki seli shina kwa wiki kadhaa.

Piga hesabu. Seli iliyojitandaza juu ya eneo la mikromita 1,000 za mraba ina vishimo zaidi ya 11,000 chini ya tumbo lake. Hakuna anayevihesabu. Lakini jumla ya kuvurugika kwa vishimo hivyo inatosha kuamua kama atakuwa mfupa au atabaki alivyo. Mimi niliposoma kazi ile mara ya kwanza sikuamini, na nadhani kutokuamini kulikuwa ndiyo adabu. Niliamini pale nilipoelewa njia ya habari inavyopita. Vituo vya mshiko vikiwa vikubwa, nyuzi za aktini huvuta kwa nguvu. Nyuzi hizo zimefungwa kwenye kiini cha seli kwa protini zinazovuka ganda lake. Kiini kikivutwa kinabadilika umbo, na kuna protini, kama ile iitwayo YAP, ambazo huingia au kutoka kwenye kiini kwa kufuata mvuto huo na kuwasha jeni. Yaani kuna kamba halisi kutoka kwenye ncha ya kidole hadi kwenye maktaba ya jeni. Hakuna muujiza hapo, ni kuvuta tu.

Msidhani kila mtu anakubaliana. Chukueni mirija ya oksidi ya titani, ambayo hukua yenyewe ukipitisha umeme kwenye bamba la metali ya titani ndani ya asidi yenye floridi. Mwaka 2007 kundi la Ujerumani lilitangaza kwamba mirija ya nanomita 15 ndiyo seli hupenda, na ile ya nanomita 100 huzifanya zijiue. Maelezo yao yana mvuto: milimita 15 ni tundu la ncha ya kidole. Mwaka 2009 kundi la Marekani likasema mirija mipana ya nanomita 70 hadi 100 hurefusha seli shina na kuzielekeza kuwa mfupa. Titani ileile, upana uleule, mmoja anaona kifo na mwingine anaona mfupa. Watu wamejadili kama tofauti ni namna mirija ilivyopashwa moto baada ya kutengenezwa, au mabaki ya floridi, au namna ilivyotakaswa kuua vijidudu. Kwangu mimi mabishano yale yana faida kuliko kazi zote mbili, kwa sababu yanatukumbusha kuwa umbo haliji peke yake. Ukichonga kishimo umebadilisha pia kemia ya ukingo wake, jinsi maji yanavyokilowesha, na kiasi cha uchafu kinachojificha humo.

Sasa turudi kwenye kihisi, mkiwa na hayo kichwani.

Mwaka 1991 Peter Fromherz aliweka seli ya neva ya ruba juu ya transista ya silikoni, ile swichi ndogo ya umeme, na seli ilipopiga umeme wake transista ikaitikia. Ilikuwa kazi nzuri sana. Lakini ishara ilikuwa hafifu, na sababu yake ni ufa. Kati ya utando wa seli na silikoni hubaki mwanya wa makumi ya nanomita, mara nyingi kati ya 40 na 100, uliojaa maji ya chumvi. Ndani ya seli umeme unabadilika kwa milivolti 100 hivi. Kwa nje, baada ya umeme kuvuja pembeni kupitia mwanya ule, elektrodi hupata mikrovolti makumi au mamia. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulishindwa kuziba ufa, tukajenga ukuta wa vikuzaji, yaani vifaa vya kukuza ishara: kikuzaji juu ya kikuzaji, kichujio juu ya kichujio, tukitafuta mnong'ono katikati ya kelele.

Vinguzo vya nano vilikuja kuziba ufa. Wazo ni jepesi kulisema. Badala ya kuisubiri seli ishuke hadi sakafuni, sakafu inapanda kuifuata. Ukisimamisha elektrodi yenye upana wa nanomita 150 na urefu wa mikromita moja na nusu, yaani kijiti cha sentimita 15 kwa mita moja na nusu kwenye kipimo chetu, utando wa seli hukizunguka na kukikumbatia, na mwanya unapungua sana mahali hapo. Kundi la Micha Spira lilifuata njia nyingine: uyoga wa dhahabu, wenye shina na kofia, uliopambwa kwa RGD nyingi ili seli ya neva ya konokono wa bahari iumeze kama inavyomeza chakula. Mwaka 2010 walionyesha kwamba seli iliyoumeza uyoga hutoa ishara zinazofanana na zile za elektrodi iliyochomwa ndani, ilhali utando haujatobolewa. Seli ilidanganywa. Ilidhani inakula, kumbe inasikilizwa. Mwaka 2012 kundi la Bianxiao Cui lilitumia vinguzo vya platini chini ya seli za msuli wa moyo, wakapiga mapigo mafupi ya umeme ya volti chache ili kufungua vitundu kwenye utando palepale kwenye kinguzo. Ishara ikaruka kutoka sehemu ndogo ya milivolti hadi milivolti kadhaa, na umbo kamili la mdundo wa moyo likaonekana. Kwa mtu anayepima kama dawa mpya inavuruga mapigo ya moyo, umbo hilo ndilo kila kitu. Kujua tu kwamba seli imedunda hakumsaidii.

Mpaka hapo hadithi ni tamu. Uchungu wake ni huu. Tumemwalika mgeni akae karibu, halafu tunajifanya hajui kwamba amekalishwa juu ya misumari. Kazi ya mwaka 2017 kutoka kundi hilohilo la Cui ilionyesha kwamba mahali ambapo utando unapindwa na kinguzo, mpindo wenye nusu-kipenyo chini ya nanomita 200, protini zinazohusika na kumeza vitu kutoka nje hukusanyika kwa wingi. Kinguzo kinageuka kuwa mlango wa kumezea. Sasa fikirini mtu anayetumia sakafu ya vinguzo kupima jinsi chembe za dawa zinavyoingia ndani ya seli. Anapata namba kubwa, anafurahi. Lakini anapima dawa au anapima vinguzo vyake?

Yamenipata, kwa hiyo nasema kwa aibu ya mtu aliyeungua. Kwa wiki sita tulikuwa tukilinganisha vipande vya vinguzo na vipande vilivyonyooka, na tofauti ilikuwa nzuri mno: kwenye vinguzo seli zilishika haraka na ukinzani ukapanda mapema. Tukaanza hata kuchora picha za makala. Kisha kijana mmoja aliyekuwa anajifunza akauliza kwa nini vipande vya vinguzo hukaa kwenye plazima ya oksijeni, gesi yenye chaji ya umeme tunayosafishia nyuso, muda mrefu kuliko vingine. Jibu lilikuwa kwamba tuliogopa mabaki ya uchongaji kati ya vinguzo, kwa hiyo tulivisafisha zaidi. Plazima hufanya uso upende maji, na uso unaopenda maji hupata zulia tofauti la protini. Tulipovipa vyote muda uleule, robo tatu ya tofauti yetu ilitoweka. Ile robo iliyobaki ndiyo ilikuwa ya vinguzo. Ilikuwa ndogo, na ilikuwa ya kweli.

Tangu hapo nina mazoea ambayo wenzangu huyaona ya kizee. Sikubali matokeo ya kihisi cha seli bila kuona kipande kilichonyooka cha dutu ileile, kilichosafishwa kwa njia ileile, kwa muda uleule. Na nataka kuona kipande chenye umbo lakini kisicho na seli, maana vinguzo huongeza eneo la elektrodi na hilo peke yake hushusha ukinzani hata kama hakuna kiumbe ndani ya chombo. Mtu akiniletea kipimo kimoja tu cha kinguzo, namuuliza kwa nini si kikubwa zaidi au kidogo zaidi. Mara nyingi jibu la kweli ni kwamba mashine yake huchonga hicho.

Maana mashine nazo zina sauti katika jambo hili. Mwale wa elektroni huchora unachotaka, kishimo kwa kishimo, na ndiyo sababu ni wa polepole na ghali. Unatengeneza kipande cha milimita chache ukasubiri. Upigaji chapa wa nano, ambao Stephen Chou aliueleza mwaka 1995, hutumia muhuri mmoja kuzalisha nakala nyingi, na bila huo sidhani kama vihisi hivi vingetoka maabara. Mirija ya titani hujiotea bure lakini huwezi kuipangia mraba. Kila njia inakupa aina yake ya umbo, kisha watu wanaamini kwamba umbo hilo ndilo seli inalolitaka.

Kuna mahali ambapo mkumbatio wa seli na umbo ndio kipimo chenyewe, na hapo mashaka yangu hupungua. Seli za saratani zilizojitenga na uvimbe na kuingia kwenye mzunguko wa damu ni chache mno. Katika mililita moja ya damu, yenye seli nyekundu bilioni 5 hivi, unaweza kukuta chache tu au usikute hata moja. Mwaka 2009 kundi la Hsian-Rong Tseng lilitengeneza msitu wa vinguzo vya silikoni vilivyopakwa kingamwili inayotambua protini ya seli hizo. Uso uliopakwa kingamwili ileile lakini ulionyooka ulinasa chache. Msitu ulinasa mara kadhaa zaidi. Seli hizo zina vinyweleo vyake, na vinyweleo vinanaswa kwenye msitu kama mbegu zenye miiba zinavyong'ang'ania nguo. Hapo sakafu haipotoshi jibu, kwa sababu swali lenyewe ni nani amenaswa.

Bakteria wanahitaji hotuba yao. Nitasema tu kwamba mwaka 2012 kundi la Elena Ivanova lilionyesha kuwa mabawa ya nyenze, yaliyojaa vinguzo vya urefu wa nanomita 200 hivi, huua bakteria aina ya Pseudomonas aeruginosa kwa kuuchana ukuta wake, bila kemikali yoyote. Bakteria wenye ukuta mnene walistahimili vizuri zaidi. Kwa mtengenezaji wa kihisi kinachotakiwa kukaa majini miezi mingi bila kuota utelezi, hiyo ni habari njema. Kwa anayetaka kutumia bakteria hai kama kihisi, ni onyo kwamba sakafu aliyoichagua inaweza kuwa inawaua wafanyakazi wake kabla sampuli haijafika.

Mara nyingi watu huniuliza, basi tuache maumbo turudi kwenye kioo kilichonyooka? Hapana. Kioo kilichonyooka nacho ni umbo. Ndani ya mwili hakuna seli inayokaa juu ya kioo. Imezungukwa na nyuzi za kolajeni zenye michirizi inayojirudia kila nanomita 67, laini, zenye mafundo na matundu. Tukisema kipande kilichonyooka ndicho cha kawaida na vinguzo ni uingiliaji, tumesahau kwamba plastiki ya maabara ndiyo sakafu ya ajabu kuliko zote ambazo seli imewahi kuzikanyaga. Tuliizoea sisi, si yenyewe. Ninachoomba ni kwamba tunapochora kihisi, sakafu iandikwe ndani ya swali tangu siku ya kwanza: umbo gani, ugumu gani, limelowaje, limevaa protini gani, na seli ilikaa juu yake muda gani kabla ya kuulizwa chochote.

Nirudi kwa zile seli za moyo juu ya platini, kuna kitu sikukisema. Baada ya mapigo ya umeme kufungua utando, ishara ile kubwa haikudumu. Ndani ya dakika kumi hivi ilikuwa imefifia. Elektrodi haikuharibika, wala seli haikufa. Ilikuwa inajishona. Utando ulifunga vile vitundu kukizunguka kinguzo, kimya kimya, huku seli ikiendelea kudunda kama kawaida. Watafiti waliporudi siku iliyofuata wakapiga tena mapigo yao, ikafunguka tena, wakaisikiliza, na ikajishona tena.

Asanteni. Niko tayari kwa maswali.